Yogati Iliyolala kwa Gasana

"Vuta tumbo, ma fille. Vuta tena."

"Ninavuta!"

"Basi acha kupumua."

Védastine akaacha kupumua. Maman Elikia, fundi wake wa nguo pale Kamembe, akaipandisha zipu ya gauni jeupe mpaka katikati ya mgongo. Hapo ikagoma. Akajaribu tena, uzi ukalia krrr.

"Tuiache. Nikilazimisha itapasuka, na kitambaa ya hii robe siko na ingine."

"Lakini mwezi uliopita ilifunga!"

"Mwezi uliopita ulikuwa muntu mwingine. Unakulaka nini?"

"Yogati tu. Asubuhi na jioni. Ile ya Kigiriki, ya kupunguza mwili."

Maman Elikia akamtazama kwenye kioo. Alitaka kusema neno, akalimeza, kwa sababu bwana harusi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango.

Gasana alifanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, pale kwenye daraja la kuingia Bukavu. Alipenda shati lililonyooka na kiatu kinachong'aa. Siku hizi hata tumbo lake la bia lilikuwa limeingia ndani, na kila aliyemsifu alimjibu kwamba anakimbia asubuhi. Aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Chérie, tusidanganyane. Harusi iko wiki ijayo na robe haifunge. Minaona tusogeze mbele."

"Mbele wapi?"

"Miezi tatu, ine. Mpaka upungue."

"Kwa sababu ya zipu, Gasana?"

"Kwa sababu yako. Sitaki batu bakucheke."

"Mama yangu ameisha alika kijiji nzima ya Gitambi! Ile ng'ombe muliyotoa ya mahari imeisha zaa!"

"Ng'ombe haiendi popote."

"Minaweza kutafuta kipande inayofanana, niongeze huku ubavuni," Maman Elikia aliingilia. "Haitaonekana."

"Hapana," Gasana alijibu upesi. Upesi mno. "Minataka robe vile ilivyokuwa."

Mwanamume anayetaka kuoa angemwambia fundi aongeze hicho kipande, tena angeongeza na soda ya asante. Védastine hakuliwaza hilo siku ile. Aliwaza kijiko chake tu, kwamba labda anakula kupita kiasi. Alivua gauni, akavaa sketi yake ya kazini, ambayo nayo ilikuwa inambana, akatoka akiwa amekaza meno asilie barabarani. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo Gihundwe, na mwalimu akilia barabarani, kesho yake darasa zima litakuwa linajua.

* * *

Alikwenda moja kwa moja saluni kwa Odette.

Hao wawili walikuwa marafiki tangu Bukavu, walikozaliwa. Familia zao zilirudi Rwanda mwaka mmoja, wakasoma shule moja, wakavaliana viatu. Odette ndiye angesimama naye kanisani. Ndiye pia aliyepewa vitambaa vya meza za harusi avifue na kuvipiga pasi, vitambaa vyeupe vya pamba ambavyo Védastine alivitarizi mwenyewe, V na G kwa uzi mwekundu kwenye kila pembe.

"Ilikataa tena?" Odette aliuliza, mikono ikiwa bado kwenye kichwa cha mteja.

"Ilikataa. Gasana anasema tusogeze mbele."

"Eh! Pole, chérie." Odette akamwacha mteja wake, akamkumbatia. "Lakini niambie kweli. Ile yogati ya mama yako, bado unaikunywa?"

"Kidogo. Akinitumia nitaitupa?"

"Ndiyo hiyo sasa! Mi nilikuambia. Ile ya kawaida ni maji na mafuta, unashiba saa moja, halafu unatafuta mkate. Ya Kigiriki maji yameisha kutoka, imebaki nguvu tupu. Ukila asubuhi, tumbo inanyamaza mpaka mchana."

"Mbona yangu hainyamaze? Minakula kopo nzima, saa nne niko na njaa kama nimelima."

"Kwa sababu unachanganya na ya mama yako. Haiwezi kufanya kazi."

"Na mbona ni tamu hivi?"

"Ni vanille, wewe! Unafikiri mi naweza kukuharibu?" Odette akafungua friji ndogo ya saluni, akatoa makopo mawili. Juu ya vifuniko alikuwa ameandika GREC, yaani ya Kigiriki, kwa kalamu nyeusi. "Unajua mateso ya kuitengeneza? Saa mbili ya usiku minaimwaga kwenye kitambaa, minafunga fundo, minatundika kwa robinet ya sinki. Inalala pale ikidondoka. Saa kumi na mbili asubuhi lazima niwe pale niikamue, nikichelewa inakauka. Kila mara, Védastine. Ni kwa nani? Ni kwa wewe."

Védastine akalia sasa, kwa sababu ya wema.

Mteja wa saluni, aliyekuwa amenyamaza na kichwa nusu kimesukwa, akauliza, "Unamuuzia?"

"Rafiki hauziwi," Odette akasema.

* * *

Jioni mama yake alipiga simu kutoka Gitambi. Nyirabahire hakuwa na desturi ya salamu ndefu.

"Yogati yangu umeimaliza?"

"Mama... usitume tena."

"Kwa nini?"

"Inanenepesha. Odette anasema ya kawaida haifai, mwenye anataka kupunguza mwili anakula ya Kigiriki."

"Odette amesomea ng'ombe?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Yangu mi natia nini? Maziwa na kijiko ya yogati ya jana. Sukari hata chembe hakuna. Ya Odette inatiwa nini?"

"Hakuna kitu. Ni vanille."

"Uliona akiitia?"

"Mama, usimuseme Odette vibaya. Anaamka alfajiri kwa ajili yangu. Ningekuwa sikukunywa yako, robe ingefunga."

Kisha Nyirabahire akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Sawa. Sitatuma tena," akakata.

Védastine alikaa na simu mkononi. Mama huyu alimlea peke yake, na sasa alikuwa amemwambia kwamba maziwa yake ndiyo yanamharibia ndoa. Alifungua kopo la Odette, akala lote akiwa amesimama.

* * *

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Kila nyumba hutoa watu, maduka hufungwa, pikipiki hazitembei, na anayekutwa njiani bila jembe ana maswali ya kujibu. Kazi ya mtaa wao ilikuwa kuzibua mfereji ulioziba kwa mvua, chini ya barabara ya shule.

Wanaume walipelekwa juu kubeba mawe. Gasana alikuwa huko, na buti mpya na kofia. Alipomwona Védastine alimpungia mkono kwa mbali, hakushuka. Tangu siku ile ya fundi walikuwa wameandikiana mara moja tu.

"Umeamua?" Védastine alikuwa ameuliza.

"Tutaongea. Usinisukume," Gasana alikuwa amejibu.

Mpini wa beleshi la Mzee Nsengimana, mkuu wa mtaa, yaani mudugudu, ukakatika.

"Bibi-arusi!" Mzee akaita. "Bwana yako ako na beleshi nzuri, nimeiona. Enda uchukue. Ufunguo uko nayo, ao bado ni mgeni pale?"

Wanawake wakacheka. Védastine alikuwa na ufunguo, Gasana alimpa siku ya mahari mbele ya wazee. Akafuta matope mikononi, akapanda mpaka nyumbani kwa Gasana.

Beleshi lilikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Alilishika, na kabla hajageuka akasikia tone.

Tok.

Kwenye bomba la sinki palitundikwa furushi jeupe, limefungwa fundo kubwa. Chini yake bakuli lilikuwa limejaa maji ya rangi ya kijani hafifu hadi karibu na ukingo. Tok. Védastine akasogea. Akaligusa. Lilikuwa zito na laini kama shavu la mtoto. Kwenye pembe ya kitambaa iliyoning'inia, uzi mwekundu: V na G.

Vile vitambaa vyote vilikuwa kwa Odette.

Akafungua fundo kidogo, akachovya kidole, akaonja. Ilikuwa chachu, nzito, inang'ang'ania ulimi, haina hata dalili ya utamu. Akaelewa kwamba hajawahi kula yogati ya Kigiriki maishani mwake. Alichokuwa akila asubuhi na jioni kilikuwa kitu kingine, kitamu na kizito kama uji.

Gasana alikuwa mtu asiyeweza kuchemsha yai. Bakuli halijazwi kwa saa moja. Inatundikwa usiku na inakamuliwa alfajiri, Odette alimwambia mwenyewe. Basi aliyeitundika alilala pale.

Akatoa simu, akaandika: "Odette uko wapi? Nina shida."

Jibu likaja upesi: "Niko Kamembe chérie tunafagia barabara, tukimaliza nakuja. Kuna nini?"

Wakati anasoma, chini ya mlango wa chumba cha kulala, mlango ambao Gasana hajawahi kuufunga mchana, kivuli cha miguu miwili kikasogea upande mmoja, kikatulia.

Pikipiki hazitembei siku ya umuganda. Aliyechelewa kutoka alfajiri habanduki mpaka kazi iishe.

Védastine angeweza kuufungua ule mlango. Mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini aliwaza: nikiufungua tutakuwa watatu tu ndani ya nyumba, na jioni watu wawili watasema uongo mmoja. Akalitundua furushi, akaliweka ndani ya sufuria. Akabeba beleshi na sufuria. Akatoka, akafunga mlango kwa nje, akazungusha ufunguo mara mbili. Madirisha ya Gasana yote yalikuwa na vyuma.

Kisha akaenda, akaificha sufuria kwenye nyasi, akachimba mfereji. Akachimba mpaka Mzee Nsengimana akamwambia apumzike.

* * *

Kazi ilipoisha, watu walikaa kwenye nyasi kwa mkutano. Mzee Nsengimana akasema habari za bima ya afya, akasema habari za mbuzi wanaozurura, kisha akatabasamu.

"Na tuko na harusi wiki ijayo. Gasana wetu anaoa mwalimu wetu. Makofi!"

Makofi yakapigwa. Gasana akasimama, akatoa kofia.

"Asante, Mzee. Ila... nilitaka kuwaambia, harusi tutaisogeza kidogo mbele. Bibi-arusi hayuko tayari."

"Hayuko tayari vipi?"

Gasana akacheka kidogo. "Mambo ya robe. Munajua bibi. Amenenepa kidogo."

Wapo waliocheka naye. Védastine akainua mkono.

"Mzee, niko na neno."

"Sema, mwalimu."

Akasimama, akaenda mbele, akaweka sufuria juu ya meza ya Mzee, akatoa furushi. Maji yakadondokea kwenye karatasi za mbuzi.

"Hii ni nini?"

"Ni yogati, Mzee. Ya Kigiriki. Nimeikuta imetundikwa jikoni kwa Gasana wakati umenituma beleshi. Gasana, waambie batu nani aliitundika."

Gasana alikuwa amebadilika rangi. "Ni... mi mwenyewe. Nimejifunza."

"Umejifunza! Bon. Inalala saa ngapi?"

"Nini?"

"Yogati. Inalala kwa kitambaa saa ngapi, mpaka iwe hivi?"

"Saa... dakika kumi. Kumi na tano."

Wanawake waliowahi kuchuja maziwa wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapiga paja: "Dakika kumi! Hata chai haijapoa!"

"Inalala usiku nzima," Védastine akasema. "Na kitambaa hii nimeitarizi mimi, V na G, ya meza zetu za harusi. Nilimpa muntu mmoja tu azifue."

Simu ya Gasana ikaanza kulia mfukoni. Hakuigusa. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Pokea," Védastine akamwambia. "Anataka kukuambia mlango umefungwa na nje." Akaweka ufunguo mezani, kando ya furushi. "Mzee, mi siendi kufungua. Enda na akina mama wawili, mwone kwa macho yenu, kesho nisiitwe muongo."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Nsengimana akachukua ufunguo. Alienda na wanawake wawili, na nyuma yao wakaenda wengine wote, kwa sababu hakuna mkutano unaoweza kushindana na hilo. Gasana aliwatangulia akisema, "Mzee, subiri, Mzee, nieleze," na hakuna aliyesubiri.

Odette alitoka akiwa na koti la michezo la Gasana, kichwa kimefungwa kitambaa. Aliona watu, akawatafuta kwa macho mpaka akampata Védastine.

"Chérie..."

"Usiniite hivyo. Makopo yangu ulitia nini?"

Odette akalivuta koti lile kifuani.

"Nauliza ulitia nini, Odette! Maana hii ya hapa ni chachu, na yangu ilikuwa kama bonbon."

"Ni Shetani tu," Gasana akadakia. "Huyu bibi alinifuata. Mi sikujua kitu ya makopo."

Hapo ndipo Odette alipogeuka, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Hukujua? Gasana, hukujua? Nani alisema tutie maziwa ya kopo, ile tamu? Nani alisema, 'mi siwezi kumwambia simutaki, ng'ombe imeisha toka kwetu, papa ataniua, acha robe ndiyo ikatae'? Ulileta unga ya maizena na mkono yako!"

"Nyamaza!"

"Sinyamazi! Ya kweli ulitaka tule mi na wewe tukonde, yeye umunenepeshe! Sasa unanitupia Shetani?"

Chini ya barabara mfereji ulisikika ukipitisha maji. Gasana alitazama buti zake. Odette alianza kulia, na Védastine aliona jambo la ajabu: machozi yale aliyajua, alikuwa ameyafuta mara nyingi, na mkono wake ulitaka kuinuka uyafute tena. Akauzuia kwa kuukunja.

"Kama hukunitaka," akamwambia Gasana, "ulikuwa na mdomo. Ungesema. Ningelia wiki moja, yangeisha. Lakini umenifanya nichukie mwili wangu. Umenifanya nimwambie mama yangu maziwa yake ni sumu." Kisha akamgeukia Odette. "Na wewe nilikulilia begani kwa sababu ya kitu ulichonilisha mwenyewe kwa kijiko."

"Védastine, nisamehe."

"Leo hapana. Ondoka na koti yake. Vitambaa vingine umpe Maman Elikia."

Mzee Nsengimana akakohoa. "Gasana, papa yako nitamwita mimi. Leo."

* * *

Kesho yake mchana pikipiki ilisimama mlangoni kwa Védastine. Nyirabahire akashuka na kikapu, akalipa, akaingia bila kubisha. Habari ilikuwa imemfikia kabla binti hajapata ujasiri wa kupiga simu.

Védastine alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Mama, nilikusema vibaya."

"Ndiyo. Inuka."

"Nisamehe."

"Nimeisha kusamehe njiani, barabara ilikuwa mbaya, sikuwa na kazi ingine. Inuka ule."

"Na ng'ombe yao?"

"Wataipata. Nitaiongoza mwenyewe mpaka kwa baba ya Gasana, nimwambie asante kwa kutuazima. Iko wapi ile kitambaa?"

"Ya nini? Nilitaka kuichoma."

"Pamba nzuri hivi? Kitambaa imekukosea nini?"

Nyirabahire akakichemsha kitambaa kwenye sufuria na sabuni, akakisuuza, akakianika juani. Jioni, kilipokauka, akakaa mlangoni na sindano, akaifumua G, uzi baada ya uzi, kwenye kila pembe. V akaiacha. Kisha akamimina nusu ya yogati aliyoleta ndani yake, akafunga fundo, akatundika. Nusu nyingine akaiacha kwenye chungu ilivyo.

Asubuhi walikaa mezani na mabakuli mawili. Védastine akaonja ya kawaida: nyepesi, baridi, ladha ya nyumbani. Akaonja ya kitambaani: nzito, chachu, vijiko vichache akahisi tumbo limetosheka.

"Hii inashibisha zaidi," alisema. "Hapo Odette hakusema uongo."

"Muntu muongo akisema uongo tupu nani atamuamini?"

"Lakini na hii ya kawaida haina ubaya."

"Kama hutii sukari, na hukuli chungu nzima."

"Sasa ipi ndiyo inapunguza mwili, Mama?"

Nyirabahire alikuwa anakwangua kitambaa kwa kijiko, hataki kipotee hata kidogo.

"Ile ambayo unamjua aliyeitengeneza," akasema. "Kula, utachelewa kazini. Halafu pitia kwa Maman Elikia, umwambie ile robe aifungue ubavuni, aongeze kipande. Rangi ya kijani, tukipata. Pasaka utaivaa kanisani."

"Na kama nitapungua?"

"Atapunguza. Yeye ni fundi."

Védastine akacheka, mara ya kwanza tangu zipu ikatae. Akavuta mabakuli yote mawili upande wake.